Nembo za Koo za Japani na Pindo la Kanga: Mchoraji wa Kariakoo Achote Wapi?

Fuso likishusha marobota ya nguo Mtaa wa Congo, usoni limebeba nembo za koo mbili. Zile almasi tatu zinazokutana ncha kwa ncha zilianzia kwa Yataro Iwasaki, Mjapani aliyeanzisha kampuni ya meli mwaka 1870. Ukoo wake ulikuwa na nembo ya almasi tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mabwana wa jimbo la Tosa aliowatumikia, ukoo wa Yamauchi, walikuwa na majani matatu ya mwaloni yanayokutana katikati. Nembo hizo mbili zikaoanishwa, na mwaka 1914 alama ikasajiliwa kuwa ya Mitsubishi. Leo iko kwenye Fuso na Kenta zinazogombea njia na wasukuma mikokoteni, na hakuna anayeuliza ilitoka kwenye vazi la nani.

Vijana wanaotengeneza nembo, stika na mabango katika vyumba vya ghorofani Kariakoo wanaanza kuuliza. Michoro ya koo za Japani wanaikuta kwenye simu zao, wanaipenda, wengine wanainakili ilivyo. Je, ni sawa? Na kama si sawa, wachote wapi? Nimepanga hapa sauti za mchoraji kijana, mama muuza kanga wa Mtaa wa Uhuru, mwalimu wa sanaa na fundi wa mageti wa Gerezani. Sauti ni za kutunga, hoja ni zile zinazogongana kila siku katika kazi hii. Mimi nina upande wangu na sitauficha.

MCHORAJI: Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Mimi naanza na njaa yangu. Mteja wangu wa kawaida amefungua duka la vipodozi Narung'ombe, anataka nembo, na anaitaka kabla ya magharibi. Ameshajichagulia: uso wa mwanamke, waridi, maandishi ya dhahabu, na kivuli chini yake. Kwenye kompyuta inapendeza. Anaipeleka kwa mchonga mihuri, inatoka doa. Anaipeleka kwa wanaochapa mifuko mbadala, anaambiwa rangi moja ni bei hii na rangi nne ni bei ile, anarudi kwangu amenuna. Sasa tazameni za Wajapani. Nyeupe juu ya nyeusi, basi. Korongo, wimbi, manyoya ya mwewe, hata gurudumu la mkokoteni, vyote vimeingia kwenye duara. Ukiishusha mpaka ukubwa wa kifungo bado unaitambua. Kwa nini nisichote pale?

MWALIMU: Marahaba. Unachota nini, ua lenyewe au namna ya kulichora? Maana hivyo ni vitu viwili, na wewe umevichanganya. Nembo hizi zilianza kwa wakuu wa ikulu ya Kyoto, karne ya 11 na 12, waliotaka magari yao ya kukokotwa na ng'ombe yatambulike kwenye msongamano. Vita vilipozidi zikapanda kwenye bendera, askari ajue wa kwake ni yupi. Baada ya 1603 ukoo wa Tokugawa ulishika nchi, amani ikaja, na nembo zikashuka kwa watu wa mjini: wenye maduka, waigizaji, mafundi. Vazi la heshima lilikuwa na nembo tano, moja mgongoni, mbili nyuma ya mikono, mbili kifuani. Na nyeupe ile haikupakwa. Fundi aliziba duara kwa uji wa mchele ili lisinywe rangi, kitambaa kikatiwa rangi, kikakoshwa, pakabaki duara jeupe. Ndipo akaja fundi wa pili na bikari ya mwanzi iliyofungwa brashi, akamalizia mistari. Ufundi huo ndio uliokulazimisha upende kile unachokipenda. Nembo haina vivuli kwa sababu njia ya kuitengeneza haikuruhusu vivuli.

MCHORAJI: Na mimi muhuri wangu hauruhusu vivuli.

MWALIMU: Ndiyo maana unawaelewa. Lakini sikiliza hili lingine. Ukoo ulipogawanyika, mtoto wa pili hakubuni nembo mpya. Alichukua ya baba yake akaizungushia duara, au akaongeza jani, au akamgeuza ndege atazame upande wa pili, au akaacha mistari ya nje tu. Mtu akiona anajua kwamba hawa ni ndugu lakini si nyumba moja. Kwa njia hiyo zimepatikana nembo maelfu kutokana na mimea, wanyama na vyombo vichache. Usinakili korongo lao. Jifunze jinsi nembo moja inavyozaa nyingine.

FUNDI: Hiyo ya duara mimi naijua, ingawa Japani sijafika. Geti la watu likitaka ua katikati, nachukua chaki na kamba, napiga duara sakafuni. Kamba ileile, bila kuigusa urefu wake, naitembeza kwenye ukingo wa duara. Inagota mara sita, haipungui wala haizidi. Kila inapogota napiga tao, na ua la majani sita limeshatokea. Sijapima kitu. Kisha nakunja nondo kufuata chaki. Wateja wananiletea picha kwenye simu, mageti ya Uturuki, ya Dubai, ya wapi sijui. Naangalia kwanza kama mchoro una mistari inayofuatana, maana nondo haina kivuli na haina rangi ya dhahabu. Kama hauna, namwambia bosi, hili halichomeleki.

MAMA: Jamani, mnaongea kama vile sisi hatuna. Mwanangu, kila asubuhi unapita mbele ya duka langu, juu mpaka chini zimening'inia kanga, na wewe macho kwenye simu unatafuta korongo la Mjapani. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina. Pindo hilo, ukilitazama vizuri, ni mchoro mmoja mdogo unaojirudia mpaka kona, na kona nayo ina namna yake ya kugeuka. Mji una nanasi, una kasha, una korosho, una jogoo, una mwezi na nyota. Hayo yote nani kayachora? Na rangi ni mbili, tatu, kwa sababu kila rangi ni gharama. Unachokisifia kwa Mjapani, kiko kiunoni mwa mama yako.

MCHORAJI: Mama, sikatai. Lakini nikimpelekea mteja pindo la kanga ananiambia hiyo ni ya mama zetu, yeye anataka ya kisasa.

MAMA: Kwa sababu wewe unamletea kanga iliyokatwa kipande. Mtu hanunui mchoro. Mteja wangu akiingia, kwanza anasoma jina. Jina likimgusa, au likimgusa jirani yake anayetaka kumpelekea ujumbe, ndipo anatazama rangi, ndipo anatazama mji. Mchoro bila jina ni kitambaa cha pazia. Mkijifanya mnachukua michoro yetu mkaiacha midomo yetu, mtakuwa mmechukua ganda.

Niingie kidogo hapa, kwa sababu mama amegusa jambo ambalo lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kanga ilizaliwa pwani hii katika nusu ya pili ya karne ya 19, kutokana na leso zilizoshonwa pamoja, lakini kwa muda mrefu ilichapwa mbali. Kiwanda cha Van Vlissingen cha Helmond, Uholanzi, kilikuwa kikichapa kwa ajili ya soko la Zanzibar miaka ya 1880. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililofunguliwa mwaka 1887 likajulikana kwa kanga zenye chapa ya "Mali ya Abdulla". Kisha wakaja Wajapani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na tena katika miaka ya 1950 na 1960, makampuni ya eneo la Osaka na Kyoto yalichapa kanga kwa wingi mkubwa na kuzileta Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mafundi wa eneo lilelile lenye ustadi wa nembo za koo ndio waliochapa mapindo waliyojifunga bibi zetu. Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kwa msaada wa China, na nguo ikaanza kuchapwa hapahapa kwa kiasi kikubwa. Leo mzigo wa Mtaa wa Uhuru unatoka viwanda vya hapa nchini na vya India.

Kwa hiyo anayesema tusiguse cha Mjapani kwa kuwa tuna kanga, hajaijua kanga. Lakini pia anayesema kanga si yetu kwa kuwa ilichapwa Osaka, hajamjua mnunuzi. Wafanyabiashara wa Ulaya walilalamika tangu karne ya 19 kwamba wanawake wa Zanzibar walikuwa wakikataa mzigo mzima kwa sababu ya rangi au mchoro uliopitwa na wakati. Kiwanda kilichapa kile ambacho mwanamke wa pwani alikubali kuvaa. Uamuzi wa mchoro ulikuwa huku. Kwangu mimi huo ni ubunifu, na jasho lake halijaandikwa popote.

MCHORAJI: Basi nipeni karatasi. Nachora duara. Juu ya kipenyo chake naweka duara mbili ndogo zinazogusana kati. Sasa naanzia ukingoni, napita juu ya duara ndogo ya kwanza, nakata katikati, napita chini ya ya pili mpaka ukingo wa pili. Mnaona? Zimetokea mbili, zina kichwa kinene na mkia uliopinda, zinafukuzana. Wajapani wanazo mbili, na zaidi wanazo tatu. Tatu zile zilikuwa nembo ya wafalme wa Ryukyu, na ziko kwenye ngoma na vigae vya mahekalu yao. Mama, hiki ni nini?

MAMA: Hiyo korosho.

MCHORAJI: Korosho! Ile ya mji wa kanga yako.

MAMA: Ni korosho iliyovuliwa nguo. Ya kwangu ina tumbo lililojaa: vidoti, kijiua, ukingo wa meno meno, na ndani yake korosho nyingine ndogo. Hiyo yako tupu.

FUNDI: Tupu ndiyo inaingia kwenye nondo, mama. Na kwenye muhuri.

MWALIMU: Sasa tumefika mahali. Korosho ya kanga nayo ina babu zake Uajemi na India, ni umbo lililozunguka Bahari ya Hindi yote kwenye shali na mazulia. Sisi tulilitazama tukaona tunda tunalolijua, la Mtwara na Lindi, tukalifuga. Kijana hapa amelitazama kwa bikari ya Mjapani akapata umbo la tatu. Hajaiba. Ila kazi haijaisha: aidha arudishe tumbo lake, au apate sababu ya kuliacha wazi. Angejaribu ile kanuni ya watoto wa ukoo. Duka mama liwe na korosho tatu ndani ya duara. Tawi la Mbagala liwe na korosho hizohizo bila duara. Tawi la Buguruni ziwe zimegeukia upande wa pili. Mteja akiona anajua ni wamoja.

MCHORAJI: Hiyo nitaiuza kesho asubuhi.

MWALIMU: Iuze. Lakini nani mwenye korosho?

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipo. Wanaoogopa wana sababu. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara, na Wakenya wakapiga kelele na kuweka pingamizi mpaka ombi likaachwa. Louis Vuitton walipeleka shuka la Kimaasai kwenye maonyesho yao ya nguo za mwaka 2012, na Wamaasai hawakupata shilingi. Kampuni hiyohiyo ina lile turubai lenye maua na nyota lililobuniwa na Georges Vuitton mwaka 1896, ambalo wanahistoria wengi wa mitindo wanaliona kuwa limechota kwa nembo za koo za Japani, wakati Paris ilipokuwa imepagawa na sanaa ya Kijapani. Mchoro ulitoka kwa koo ukawa mali ya kampuni inayoulinda mahakamani, na leo mikoba ya kuigiza yenye maua yale inapangwa chini barabarani Msimbazi.

FUNDI: Sasa nani kamuibia nani?

MWALIMU: Swali zuri, na Wajapani wenyewe wamelijibu kwa njia mbili. Katika karne ya 18 watawala wa Tokugawa walipiga marufuku mtu mwingine yeyote kutumia nembo yao ya majani matatu. Ua la petali 16 nalo ni la mfalme, hata leo huwezi kulifanya nembo ya duka. Lakini nembo nyingine nyingi ziliachwa wazi. Vilichapwa vitabu vya nembo, vikauzwa mjini, mtia rangi nguo akawa nacho dukani, na mteja asiye na ukoo wa kujivunia alifungua akachagua. Walizilinda chache, wakaziachia nyingi. Ndiyo maana zimefika kwenye lori. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inazitaja kazi za sanaa za jadi. Lakini huwezi kukilinda ambacho hakijaandikwa popote kwamba kipo. Mchoro wa mji wa kanga ukishapitwa na msimu, unabaki kwenye sanduku la bibi, bibi akifa unakuwa dekio. Nasi tuwe na kitabu chetu cha michoro ya kanga.

MAMA: Mimi nakipinga hicho kitabu. Kanga haikai kitabuni. Inaishi kwa sababu wiki ijayo kuna mpya. Mkianza kusema huu ndio mchoro halali wa korosho, kesho kiwanda kinaogopa kubadilisha, keshokutwa imekuwa nguo ya makumbusho. Tumeona yaliyowapata wengine. Ngao za Wamaasai zilikuwa na michoro inayosema huyu ni wa eneo gani na rika gani. Leo ngao inauzwa kwa mtalii, na anayeichora hajali inasema nini.

MWALIMU: Ngao zile hazikuuawa na kitabu, mama. Zilikufa kwa sababu vita vyake vilikoma na hakuna aliyezipa kazi mpya.

MAMA: Na kanga ina kazi. Basi muiache.

Hapa nasimama upande wa mwalimu, ila kwa sharti la mama. Kitabu ninachokitaka ni cha aina ya vile vya wauza nguo wa Japani, cha kushikwa na mikono yenye rangi na grisi. Kikae kwenye kaunta ya mchapaji, kwenye karakana ya Gerezani, kwenye meza ya fundi cherehani. Kiwe na mchoro mmoja mmoja wa pindo na mji, umechorwa kwa mstari mweusi, pembeni limeandikwa jina ambalo wauzaji na wavaaji wanauita, na majina ya kanga uliyotokea nayo. Kiongezwe kila mwaka, maana wiki ijayo kuna mpya. Hofu ya mama kwamba karatasi itaganda ni ya haki, lakini hasara ya kukosa karatasi tunaiona tayari: kijana aliyezaliwa Ilala anajua manyoya ya mwewe wa Japani kwa umbo, na pindo la kanga aliyobebewa mgongoni hawezi kulichora bila kulitazama.

Na si kweli kwamba kuchota kwetu lazima kuonekane kama zamani. Soko la Kariakoo lenyewe, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilitokana na gulio la chini ya miti. Amuli hakuchora mti ukutani. Alichukua kazi ya mti, kutoa kivuli na kupitisha hewa, akaigeuza nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli, na mvua ikakusanywa humohumo. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, lakini wazo lile bado ni somo bora la usanifu lililoko mtaani kwetu. Alifanya kwa mti kile ambacho mafundi wa nembo walifanya kwa korongo: aliondoa kila kitu mpaka ikabaki kanuni.

MCHORAJI: Kitabu kikiwepo, mimi nilipe?

MWALIMU: Kwa kutazama na kuchora, hapana. Ukisajili mchoro wa kitabuni uwe wako peke yako, hapo ndipo uzuiwe.

FUNDI: Na aliyechora kwanza aandikwe. Kuna watu wanakaa viwandani wanachora miji ya kanga miaka nenda rudi, hata jina la mtu halijulikani. Mimi geti langu nalitia alama yangu chini, pembeni ya bawaba.

MAMA: Hilo la kuandikwa nalikubali. Lakini nina langu. Kisutu isiwe ya kila mtu. Ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ni ya bi harusi, ina siku yake. Iwekeni ukurasa wa kwanza, muandike inavaliwa lini na nani, halafu muandike hairuhusiwi kufanywa nembo ya sabuni wala ya baa.

MWALIMU: Mama, ukifunga moja, mwingine atataka kufunga ya kwake. Tutaishia na kitabu cha kurasa zilizofungwa.

MAMA: Huyo Mjapani wako si kafunga mbili?

MCHORAJI: Mwalimu, hapo mama kakushika.

MWALIMU: Alifunga kwa amri ya mtawala. Sisi tutafunga kwa amri ya nani?

MAMA: Ya wanaoivaa. Njooni Ijumaa mchana dukani, wenzangu wa Uhuru na Mkunguni watakuwepo, wengine wameoza mabinti watano. Tuulizane hapohapo, na huyu kijana aje na karatasi yake na hiyo bikari.